Kufuli Dogo Linalomlinda Mtoto Garini

Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati 22:8, ilimwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukuta mdogo kandokando ya dari, mtu asije akaanguka. Upendo hujihadhari mapema. Hata gari la otomatiki lina ukuta wake wa namna hiyo, na yafaa kila mama aufahamu.

Mkono wa gia ukiwa kwenye P, jino la chuma ndani ya giaboksi huyashika magurudumu yasizunguke. Mtoto anayecheza garini akiuvuta mkono huo hadi N, jino huachia, na gari lililo kwenye mteremko huondoka hata kama injini imezimwa.

Ndiyo maana watengenezaji waliweka kufuli. Mkono hautoki kwenye P mpaka breki ikanyagwe. Katika magari mengi, swichi ileile inayowasha taa za breki hupeleka umeme kwenye sumaku ndogo iliyo karibu na gia, nayo hufungua pini. Mtoto aliyesimama juu ya kiti mguu wake haufiki kwenye breki. Nchini Marekani, magari madogo ya otomatiki yaliyotengenezwa tangu Septemba 2010 ni lazima yawe na kufuli hilo. Baadhi ya magari ya zamani hayana.

Mama, lipime la kwako. Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, fungua swichi bila kuwasha injini, kisha jaribu kusogeza gia bila kukanyaga breki. Ikikubali kutoka P, mwone fundi.

Na ikikataa hata ukikanyaga breki? Mwombe mtu atazame taa za nyuma. Zisipowaka, huenda fyuzi au swichi ya breki imekufa, na walio nyuma yako hawaoni unaposimama. Fundi akitaka kuling'oa kufuli ili “lisikusumbue”, mkatalie. Atengeneze kilichoharibika.

Hata hivyo, kufuli si yaya. Kila unapoegesha, weka P, vuta breki ya mkono, chomoa ufunguo, na usimwache mtoto peke yake ndani ya gari. Tunawaombea watoto wetu ulinzi wa Mungu kila asubuhi. Basi na mikono yetu ifanye sehemu yake.