Tufe la moto (Dungeons & Dragons)

Tufe la moto ni mazingaombwe mashuhuri katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao wachezaji huigiza wahusika wa kubuni na dadu huamua matokeo ya vitendo vyao. Mchezo huo ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani, ukachapishwa mwaka 1974. Makala hii inaeleza jinsi ya kulihamisha tufe hilo kutoka kanuni za Advanced Dungeons & Dragons (kitabu cha wachezaji cha 1978) kwenda toleo la 5 (2014). Anayelirusha anaitwa hapa mwanamazingaombwe. Neno "mchawi" limeepukwa kwa makusudi, kwani katika Kanda ya Ziwa ya Tanzania limewahi kugharimu maisha ya wazee wasio na hatia.

Madhara

Zamani moto ulihesabiwa kwa dadu moja ya pande 6 kwa kila ngazi ya mrushaji, bila kikomo. Toleo la pili (1989) liliweka kikomo cha dadu 10. Katika toleo la 5 ni dadu 8 hata kama mrushaji ni wa ngazi ya juu; huongezeka tu akitumia nafasi ya mazingaombwe iliyo juu ya daraja la 3, dadu moja kwa kila daraja.

Wastani wa dadu ya pande 6 ni 3.5. Kwa hiyo mrushaji wa ngazi ya 5 zamani alipata wastani wa 17.5, na sasa 28. Anayeishia kwenye hesabu hiyo atadhani moto umeongezeka nguvu, kumbe umepungua. Zimwi aina ya ogre lilikuwa na wastani wa alama 19 za uhai. Katika toleo la 5 lina 59. Tufe la zamani lililiacha hoi, la sasa linaliacha na zaidi ya nusu ya uhai wake. Kurudisha uwiano wa zamani kungehitaji dadu 15 au 16, na adui akirusha moto wa kiasi hicho, wachezaji wenyewe hawatabaki. Ni afadhali kutumia tufe la toleo jipya pamoja na maadui wa toleo hilohilo.

Ukubwa wa moto

Nusu kipenyo ni futi 20 (takriban mita 6) katika matoleo yote mawili. Tofauti ni kwamba moto wa 1978 ulijaza ujazo wake wote, takriban futi za ujazo 33,000 au mita za ujazo 934, kwa kufuata umbo la mahali. Kwenye mbuga ya wazi kama Serengeti hilo halina shida. Lakini chukua njia ya chini ya ardhi, mfano wa zile za wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Tarime, yenye upana wa mita 2 na kimo cha mita 2: 934 ukigawanya kwa 4 unapata zaidi ya mita 230 za moto. Njia ikiwa imezibwa upande wa mbele, moto wote humrudia aliyeurusha. Katika toleo la 5 moto hupinda kona, ila hauvuki futi 20.

Msimamizi wa mchezo anayehamisha kisa cha mapangoni na arudishe kanuni ya ujazo, la sivyo hatari iliyokusudiwa na mtunzi inatoweka.

Moto wa zamani pia uliyeyusha dhahabu, fedha na shaba; maelezo ya 2014 hayataji jambo hilo. (Mchimbaji atasema dhahabu iliyoyeyuka bado ni dhahabu, na ni kweli, ila sarafu zikishachanganyika na shaba ni kazi kuzitenganisha.)

Kujinusuru

Anayeunguzwa hurusha dadu ya pande 20. Akifaulu, madhara hupungua kwa nusu. Zamani namba ya kufikia ilitoka kwenye jedwali la aina na ngazi yake mwenyewe, hivyo shujaa mzoefu alinusurika mara nyingi bila kujali nani amerusha. Sasa namba hiyo hutokana na uwezo wa mrushaji, naye anayejinusuru huongeza wepesi wake wa mwili.

Leseni

Mwezi Januari 2023 kampuni ya Wizards of the Coast ilitoa kanuni za msingi za toleo la 5, tufe la moto likiwemo, kwa leseni ya Creative Commons CC BY 4.0. Maandishi hayo yanaweza kutafsiriwa kwa Kiswahili mradi chanzo kitajwe. Maneno ya kitabu cha 1978 hayamo katika leseni hiyo. Kanuni zake zielezwe kwa maneno mengine.