Mkoko Ukikatwa Hauchipui

Jina mikoko hujumuisha miti ya aina nyingi, na fundi mzoefu hachanganyi kazi zake. Mkoko wenyewe, ule unaosimama juu ya mizizi iliyopinda kama matao, hutoa boriti na nguzo nzito zinazostahimili mchwa. Mkandaa hutoa fito na pau, na magome yake hutumika kutia rangi. Mlilana, ambao matawi yake hupinda kwa asili, huchongwa mataruma ya mashua; mkomafi hupasuliwa mbao za samani.

Kwa karne nyingi majahazi yalibeba boriti za mwambao huu hadi Uarabuni, kusiko na miti ya kuezekea. Hata vyumba vya nyumba za mawe za Unguja na Lamu vilikuwa vyembamba, kwa kawaida visivyozidi mita 3, kwa sababu boriti haikufika mbali zaidi. Nyumba iliufuata mti.

Tatizo limo katika mti huo huo unaotafutwa kuliko yote. Mchu ukikatwa, kisiki chake huchipua. Mkoko ukikatwa shina, hufa, na mizizi yake huoza. Tope iliyokuwa ikilishika huchukuliwa na maji, kamba na samaki wachanga hukosa maficho, na kingo za mto hubaki wazi kwa mawimbi na maji ya chumvi. Mkataji mmoja huondoka na nguzo zake. Hasara humfikia mvuvi ambaye hakukata hata ufito.

Mikoko ya maingilio ya Ruvuma imo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na kuikata pasipo kibali ni kosa kisheria. Mwenye haja ya nguzo aulize kwanza katika ofisi ya kijiji au ya kata. Kwa ujenzi wa kawaida, mvinje uliopandwa shambani hutoa nguzo nzuri.

Palipokwisha kukatwa, upandaji hauhitaji kitalu. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti, ikarefuka kama fimbo ya kijani. Iliyokomaa huokotwa na kuchomekwa theluthi moja katika tope laini linalofikiwa na maji ya kujaa, ncha iliyochongoka ikiwa chini. Kwenye mchanga mtupu haishiki.