Kuumia na Kuumizwa: Neno Moja Katika Fidia ya Askari wa Zamani wa Marekani

Mwanafunzi yeyote wa mofolojia anafahamu kwamba kuumia na kuumizwa si mamoja. Aliyeumia ameumia tu. Aliyeumizwa ana aliyemtenda, hata kama hatajwi. Tofauti hii, ambayo aghalabu tunaipitia darasani kama zoezi la mnyambuliko, inatusaidia kuelewa mgogoro mrefu nchini Marekani kuhusu askari wa zamani waliolemaa kutokana na matibabu ya serikali yao wenyewe.

Kifungu cha kwanza cha fidia hiyo kilipitishwa mwaka 1924, kikafutwa 1933 na kurejeshwa 1934. Kilisema kwamba askari wa zamani akipata jeraha kutokana na matibabu ya serikali, atalipwa kana kwamba ulemavu wake ulisababishwa na utumishi jeshini. Kosa la daktari halikutajwa. Hata hivyo, watekelezaji wa sheria waliongeza sharti katika kanuni zao: mdai aonyeshe kwamba wahudumu walikosea, au kwamba palitokea ajali. Yaani, sheria ilinena kuumia, kanuni ikasoma kuumizwa.

Hali hiyo ilidumu takriban miaka 60, hadi ilipopingwa na askari wa Vita vya Korea aitwaye Gardner. Alikuwa amepasuliwa mgongo katika hospitali ya serikali, na baadaye akalalamikia maumivu na udhaifu katika mguu wa kushoto. Serikali ilijitetea kwamba neno jeraha limebeba dhana ya kosa ndani yake. Mnamo Desemba 1994, Mahakama ya Juu ilikataa hoja hiyo kwa kauli moja. Sheria hizo hizo hutumia neno jeraha kwa askari aliyeumia kazini, na hapo hakuna anayeuliza kosa ni la nani. Isitoshe, kifungu chenyewe kilitaja utovu wa makusudi wa mdai. Waliokiandika walijua kutaja kosa walipotaka. Huo, kwa maoni yangu, ni uchanganuzi wa semantiki ambao mhadhiri wetu yeyote angeupa alama nzuri.

Furaha haikudumu. Mwaka 1996 Bunge lilibadilisha kifungu, na kwa madai yaliyowasilishwa kuanzia tarehe 1 Oktoba 1997, mdai sharti athibitishe uzembe, ukosefu wa ujuzi ufaao, kosa la uamuzi au jambo la aina hiyo; ama sivyo, athibitishe kwamba madhara yalitokana na tukio ambalo halikuweza kutarajiwa. Safari hii kosa liliandikwa waziwazi.

Njia ya pili ina utata wake. Fomu ya idhini anayotia sahihi mgonjwa kabla ya upasuaji huorodhesha hatari zinazojulikana. Hatari iliyoorodheshwa ni vigumu baadaye kudaiwa kuwa haikutarajiwa. Mgonjwa anayesoma fomu ile kitandani haisomi kama hati ya kesi, lakini huenda ikageuka kuwa hiyo.

Je, madhara lazima yatoke mkononi mwa daktari? Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ilisema la. Askari mmoja mwenye ulemavu alikuwa ametoka kwenye tiba ya majini aliyoandikiwa. Akiwa msalani, chuma cha kujishikilia kiling'oka akaanguka. Mahakama iliamua kwamba kukosa kutunza vifaa hivyo kunaweza kuingia katika kifungu hicho.

Limesalia neno kana kwamba, na ndilo linalosahaulika sana. Kinacholipwa kana kwamba kilitokana na utumishi hakijawa kilichotokana na utumishi. Mwaka 2003 mahakama hiyo hiyo ya rufaa iliamua kwamba ulemavu wa aina hii haukumpa askari haki ya bima ya maisha iliyotengewa waliolemaa kwa sababu ya utumishi. Malipo ya kila mwezi yalikuwa haki yake, bima haikuwa.