Je, Wajua? Namba Kubwa Kwenye Chupa Siyo Kinga ya Breki

Mafuta ya breki ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hunyonya unyevu wa hewani, hata gari likiwa limeegeshwa. Ndiyo maana kila daraja lina vipimo viwili vya kuchemka. DOT 4 mapya lazima yachemke kwa nyuzi zisizopungua 230 za Selsiasi. Yakishaingiwa na maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho cha chini ni 155 tu. Kwa dereva wa barabarani, namba hii ya pili ndiyo ya kutazama, kwa kuwa mafuta hukaa kwenye mfumo miaka. Gari lililojaa abiria likishuka mteremko mkali wa Kitonga kwa breki tupu, bila gia nzito, mafuta yenye maji yanaweza kuchemka. Mvuke hubanika, majimaji hayabaniki. Pedali huzama hadi sakafuni na gari halisimami.

Basi mbona tusitumie mafuta ya mashindano, ambayo yakiwa mapya huvuka nyuzi 300? Uwanjani yanafaa, kwani mafundi huyabadilisha mara kwa mara. Barabarani hayabadilishwi mara kwa mara hivyo, na faida hiyo huyeyuka. Wengine hutetea DOT 5 ya silikoni kwamba hainyonyi maji. Ni kweli, lakini maji yakipenya hujikusanya mahali pamoja na kuchemka kwa nyuzi 100 hivi, tena silikoni haichanganywi na aina nyingine. Fuata daraja lililoandikwa kwenye kifuniko cha kopo la breki, badilisha mafuta kila baada ya miaka 2, na ukienda uwanjani na gari lako, weka mapya kwanza.