Filamu za kung fu: Lipi lilitokea kweli, lipi limetungwa?

Filamu za kung fu zina mashabiki wengi Afrika Mashariki. Zamani zilitazamwa zaidi kwenye vibanda vya video. Leo memori kadi moja ya simu inabeba nyingi, tena zikiwa na sauti ya mtafsiri anayesimulia kwa Kiswahili. Kisa chenyewe mara nyingi tunakijua: wanajeshi wamechoma hekalu la Shaolin, walimu wameuawa, kijana mmoja amenusurika na sasa anarudi kulipiza kisasi.

Je, hayo yalitokea? Kwa wengi wetu, filamu hizi ndizo somo pekee la historia ya China tulilowahi kupata, kwa hiyo swali hilo lina uzito. Kwa ufupi, mahali na majina mengi ni ya kweli, lakini matukio makubwa mara nyingi yametungwa.

Hekalu la Shaolin lilichomwa na nani?

Hekalu lipo kweli, katika mkoa wa Henan. Hata watawa wake kupigana vitani si hadithi. Mwaka 621 walimsaidia Li Shimin, mtoto wa mfalme wa kwanza wa enzi ya Tang, dhidi ya mpinzani aliyeitwa Wang Shichong. Jiwe lililochongwa mwaka 728 limehifadhiwa hekaluni, na lina majina ya watawa 13 waliotambuliwa kwa msaada huo. Filamu ya The Shaolin Temple ya mwaka 1982, iliyompa umaarufu Jet Li, imejengwa juu ya kisa hicho, ingawa kijana anayeigizwa humo ametungwa.

Kuchomwa kwa hekalu ni habari nyingine. Filamu nyingi huwalaumu watawala wa enzi ya Qing, yaani Wamanchu walioitawala China kuanzia 1644 hadi 1912. Hakuna kumbukumbu inayothibitisha kwamba jeshi lao lilichoma hekalu la Henan. Badala yake, mfalme Qianlong wa Qing alilitembelea mwaka 1750. Hadithi nyingine husema lililochomwa ni hekalu la Shaolin la kusini, mkoani Fujian, lakini wanahistoria wanabishana hata kama hekalu hilo liliwahi kuwapo.

Kisa hicho kilienezwa na vyama vya siri vilivyoipinga Qing, ambavyo viliwasimulia wanachama wapya kuwa chama kilianzishwa na watawa walionusurika moto. Baadaye waandishi wa riwaya wakakichukua, kisha watengenezaji wa filamu wa Hong Kong.

Moto mkubwa unaojulikana kwa uhakika uliwashwa mwaka 1928, wakati enzi ya Qing ilishaanguka. Waliouwasha walikuwa Wachina wenyewe, askari wa mbabe wa kivita Shi Yousan, katika vita vya kugombea madaraka.

Bruce Lee na kibao cha bustani

Katika Fist of Fury ya mwaka 1972, Bruce Lee anaigiza Chen Zhen, mwanafunzi anayelipiza kisasi cha mwalimu wake, Huo Yuanjia. Mwalimu aliishi kweli: alizaliwa mwaka 1868 na kufariki Shanghai mwaka 1910. Chen Zhen hakuwahi kuwapo.

Mashabiki wanakumbuka pale Bruce Lee anapokivunja kwa teke kibao cha bustani kinachokataza mbwa na Wachina. Wanahistoria wengi hawakubali kwamba kulikuwa na kibao chenye maneno hayo hasa. Lakini ubaguzi wenyewe ulikuwapo. Kanuni za bustani ya umma iliyokuwa chini ya wageni mjini Shanghai ziliwazuia Wachina kuingia hadi mwaka 1928, na kanuni nyingine ilizuia mbwa. Kwa hiyo kibao cha kwenye filamu ni cha kubuni, ila uchungu unaoonyeshwa pale ulikuwa wa kweli.

Filamu inapoiumiza familia

Huo Yuanjia alirudi tena mwaka 2006 katika Fearless, akiigizwa na Jet Li. Humo mama yake na binti yake wanauawa kwa kisasi, naye anakufa kwa sumu baada ya pambano la ulingoni.

Lakini Huo halisi aliacha watoto. Mjukuu wake alikwenda mahakamani Beijing, akidai filamu imelichafua jina la babu yake na kuonyesha ukoo umekatika ilhali wazao wapo. Alishindwa kesi. Mahakama iliona kuwa filamu ina mambo ya kubuni na yaliyotiwa chumvi, lakini haikumkashifu marehemu.

Ip Man, mwalimu wa Bruce Lee, ametendewa vivyo hivyo. Filamu ya mwaka 2008 inamwonyesha akipambana na jenerali wa Kijapani mbele ya umati, kisha akitoroka. Ni kweli Wajapani waliuteka mji wake wa Foshan mwaka 1938, lakini pambano hilo halina ushahidi. Baada ya vita alikuwa polisi, na alihamia Hong Kong wakati Wakomunisti walipokuwa wakishika madaraka China. Sababu hiyo ya kuhama filamu haiitaji.

Riwaya nazo?

Mwandishi maarufu kuliko wote wa riwaya hizi ni Jin Yong, aliyefariki Hong Kong mwaka 2018. Alipenda kuwaweka mashujaa wake wa kubuni katikati ya vita vya kweli. Katika riwaya yake moja, shujaa Yang Guo anamuua Möngke, mtawala wa Wamongolia, kwa kumrushia jiwe kwenye mji wa Xiangyang. Möngke alikufa kweli vitani mwaka 1259, lakini mbali na hapo, alipokuwa akiizingira ngome ya Diaoyu huko kusini-magharibi. Xiangyang wenyewe uliangukia mikononi mwa Wamongolia mwaka 1273. Katika hadithi hizi watu huruka juu ya mapaa pia, na wasomaji wa Kichina wanalijua hilo kama sisi tunavyojua kwamba sungura wa ngano hasemi.

Utatambuaje?

Unapotazama, jiulize mambo matatu. Kwanza, shujaa huyu aliishi, au mwalimu wake tu ndiye aliyeishi? Pili, adui ni nani, na filamu ilitengenezwa lini na kwa ajili ya nani? Mara nyingi adui huchaguliwa kulingana na uchungu ambao watazamaji bado wanao. Tatu, nani hatajwi? Waliochoma Shaolin mwaka 1928 ni nadra kuwaona kwenye filamu, kwa sababu ni rahisi zaidi kuuza kisa ambacho mwovu ametoka nje.

Huna haja ya kuacha kuzitazama. Ila mtoto akikuuliza kama Wamanchu walichoma hekalu la Henan, mwambie hakuna ushahidi, kisha umsimulie habari za mwaka 1928.