VYAELEA, VIMEUNDWA: Unda meli yako hata kama Miasenyi haina ziwa

Ukipanda basi Mombasa kuelekea Nairobi utapita Mariakani, Samburu na Taru, kisha ufike Mackinnon Road. Mbele kidogo, kabla ya Maungu na Voi, ndipo ilipo Miasenyi. Ni nchi kavu ya miiba na udongo mwekundu, ambako tone la mvua huhesabiwa. Tangu mwaka 2017 treni za reli mpya nazo zina kituo hapa. Hebu mwulize abiria aliyeketi kando yako kama meli imewahi kupita Miasenyi. Bila shaka atadhani jua la Taru limekuingia kichwani.

Lakini meli zimepita, tena si moja. Zilipita vipande vipande, zikiwa zimefungwa masandukuni kama vile samani za duka.

Jina la Mackinnon Road latoka kwa William Mackinnon, tajiri wa meli kutoka Scotland aliyeongoza kampuni ya Kiingereza iliyopewa eneo hili mwaka 1888. Barabara ya mikokoteni ya ng'ombe iliyoanza kujengwa mwaka 1890 iliitwa kwa jina lake. Vivyo hivyo iliitwa meli ndogo ya mvuke iliyoundwa Paisley, Scotland, ikafunguliwa, kila kipande kikatiwa alama, na kuletwa Mombasa kwa bahari. Reli ilikuwa haijafika ziwani, kwa hivyo sehemu ya safari ilikuwa juu ya vichwa vya wapagazi. Meli hiyo iliunganishwa Kisumu na kuteremshwa katika Ziwa Victoria mwaka 1900. Baada ya reli kufika ziwani Desemba 1901, meli nyingine kama Winifred na Sybil ziliifuata kwa mtindo huo huo, vipande vyake vikivutwa na gari la moshi katika nyika hii hii.

Basi mtu wa Miasenyi anayeunda meli uani kwake hafanyi kioja. Anafuata desturi ya njia ipitayo mlangoni pake.

Tuchague meli gani?

Kwa familia inayotaka kuunda mfano wa meli ya kale, tena unaoendeshwa kwa redio, nakushauri uchague jirani wa meli hizo: Liemba ya Ziwa Tanganyika. Sababu ni kwamba picha zake ni nyingi, vipimo vyake vinajulikana, na historia yake inagusa hata Taita Taveta.

Liemba ilizaliwa kwa jina la Graf von Götzen katika kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilifunguliwa na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kupelekwa Kigoma kwa reli. Huko iliunganishwa upya, ribiti kwa ribiti, na ikaingia majini tarehe 5 Februari 1915.

Wakati huo Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimepamba moto. Wajerumani walikuwa wameiteka Taveta tangu Agosti 1914, na Waingereza walikuwa wakijenga reli kutoka Voi kuelekea huko. Huku wanajeshi wakipigania kilima cha Salaita Februari 1916, meli ile ilikuwa ikitawala Ziwa Tanganyika ikiwa na mzinga uliotolewa katika manowari Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji mwaka 1915. Ukifika Fort Jesus, Mombasa, utauona mzinga mwingine wa manowari hiyo. Mpeleke mwanao akauone na kuuchora kabla ya kuutengeneza mdogo.

Julai 1916 Wajerumani walipoona Kigoma inawaponyoka, waliizamisha meli yao wenyewe. Lakini mafundi waliopewa kazi hiyo ndio wale wale walioiunda. Waliipaka mitambo girisi nyingi, kisha wakaizamisha kwa uangalifu. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mitambo ilikuwa ingali mizima. Tarehe 16 Mei 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, na ikawa mkombozi wa vijiji vya mwambao wa ziwa kwa miongo mingi. Mwaka 1997 ilitumiwa kuwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo.

Hesabu kwanza, msumeno baadaye

Wengi hukimbilia msumeno kabla ya penseli. Wewe usiwe mmoja wao. Liemba ina urefu wa mita 71.4 na upana wa mita 10 hivi. Ukichagua kipimo cha moja kwa 75, yaani kila sentimita 75 za meli ziwe sentimita moja ya mfano, utapata chombo chenye urefu wa sentimita 95 na upana wa sentimita 13. Hicho chaweza kubebwa na mtoto wa darasa la nane na kukaa mezani.

Sasa tega sikio, mwanafunzi, maana hapa ndipo wengi huanguka. Uzito haugawanywi kwa 75 mara moja tu. Umepunguza urefu, upana na kimo, kwa hivyo uzito hugawanywa kwa 75 mara tatu: 75 mara 75 mara 75, ambayo ni 421,875. Liemba huwa na uzito wa tani 1,575 hivi, yaani kilo 1,575,000. Gawanya, nawe utapata kilo 3.7. Huo ndio uzito ambao mfano wako, pamoja na betri na mota zake, ni lazima uwe nao ili ukae majini kama meli yenyewe. Ukiwa mwepesi utaelea juu juu kama kopo. Ukiwa mzito utameza maji.

Kuunda

Maneno ya kazi hii tunayo tayari kutoka kwa mafundi wa majahazi wa Pwani. Anza na mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo. Kata ubao ulionyooka wa sentimita 95. Juu yake simamisha mataruma, ambazo ni mbavu, kwa plaiwudi ya milimita tatu. Mbavu 18 au 19, zikiachana sentimita tano tano, zatosha. Hakikisha zimesimama wima kabla ya gundi kukauka, kwa maana taruma moja likipinda, meli nzima itakwenda upande.

Kisha vika mbavu hizo vibanzi vyembamba vya mbao, kuanzia omo hadi shetri. Ziba nyufa, piga msasa, na upake resini inayotumiwa na mafundi wa faiba ili maji yasipenye. Kazi ya resini ifanyike nje penye upepo, mtu mzima akiwa karibu, kwa kuwa harufu yake ni kali na hudhuru mapafu.

Liemba ina rafadha mbili. Kwa kila moja, pitisha mtaimbo mwembamba ndani ya mrija wa shaba uliojazwa girisi. Girisi hiyo ndiyo huzuia maji kuingia. Fundi wa jua kali mjini Voi anaweza kukukatia rafadha kutoka kwenye bati la shaba ukimpelekea mchoro. Usukani ukae nyuma ya rafadha, ukiwa umeshikwa na waya mgumu unaopanda hadi ndani ya chombo.

Zile ribiti zilizotia jasho Kigoma waweza kuziiga kwa matone madogo ya gundi yaliyopangwa kwa sindano. Ni kazi ya jioni nyingi, lakini ndiyo humfanya mtazamaji ainame na kuangalia tena. Ukipenda kuonyesha meli ilivyokuwa vitani, mwanzi wa mzinga wake ulikuwa na urefu wa mita 4.2, katika kipimo chetu ni sentimita 5.6.

Redio

Usiogope sehemu hii. Unahitaji vitu vitano: kidhibiti cha mkononi, kipokezi ndani ya meli, sevo ya kugeuza usukani, kifaa cha kupunguza na kuongeza mwendo wa mota, na betri. Vidhibiti vya zamani vilitumia megahertzi 27, na watoto wawili wenye masafa mamoja walivurugiana. Vya sasa vya gigahertzi 2.4 hujitafutia nafasi vyenyewe. Hata hivyo mawimbi yake hayapiti vizuri majini, kwa hivyo weka antena ya kipokezi juu ya usawa wa maji.

Mota ya gari la kuchezea hukimbia mno. Kanuni ya meli ndogo ni hii: mwendo hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha kipimo, ambacho kwa 75 ni 8.7 hivi. Meli ya kilomita 16 kwa saa, kwa mfano wako, ni chini ya kilomita mbili kwa saa, yaani mwendo wa mzee anayetoka kutembea jioni. Ukizidisha hapo, wimbi linaloinuka mbele ya omo litakuumbua. Tumia gia za kupunguza mwendo.

Betri ya volti sita yenye uzito wa robo tatu ya kilo yafaa sana, kwa kuwa itakuwa pia farumi. Ilaze chini kabisa, katikati ya mkuku. Uzito uliobaki kufikia kilo 3.7 ujazwe kwa nati za chuma. Risasi ni sumu, usimpe mtoto aishike.

Jaribio la mchele

Sasa tumefika penye uzito wa jambo lenyewe. Mtu mzima wa kilo 60, akipunguzwa kwa kipimo chetu, ana uzito wa gramu 0.14. Hizo ni kama punje sita za mchele. Liemba ilisemekana kubeba abiria 600. Abiria hao wote ni gramu 85 za mchele, zisizojaza hata nusu ya kikombe cha chai.

Funga mchele huo katika mfuko mdogo. Uweke chini ya sitaha, katikati, kisha isukume meli ubavuni kwa kidole. Itayumba na kurudi upesi. Uhamishe mfuko hadi sitaha ya juu na usukume tena. Utaona inarudi polepole, kama inayofikiri. Sasa sogeza mfuko kando, kama abiria wanaokimbilia upande mmoja kuona gati. Meli italala. Ongeza mfuko wa pili juu, ingawa uzito bado ni mdogo ukilinganisha na kilo 3.7, na ujionee mwenyewe.

Huu si mchezo mtupu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha Nyerere, kilichojaza watu kupita uwezo wake, kilipinduka kikikaribia gati ya Ukara. Zaidi ya watu 220 wakafa. Wengi wao walikuwa hatua chache tu kutoka nchi kavu. Mtoto aliyeuona mfuko wa mchele ukiilaza meli ataelewa kwa nini nahodha anapaswa kukataa abiria, na siku moja yeye mwenyewe atakataa kupanda chombo kilichojaa. Pengine elimu hiyo itamwokoa.

Maji ya kuelea

Utaniuliza: Miasenyi maji ya kuelezea meli yatatoka wapi? Swali zuri, na mwenye busara hamwagi maji ya kunywa kwa ajili ya mchezo. Chimba shimo la mita tatu kwa mbili, lenye kina cha sentimita 30, ulitandike turubai la plastiki, na ungoje mvua. Maji yakishatumika, myaelekeze kwenye miche ya miti. Lizungushie ua na usiwaache watoto wadogo peke yao hapo hata kwa dakika moja, kwa kuwa maji ya kufika magotini yatosha kumzamisha mtoto.

Wala usishawishike kwenda kujaribia Ziwa Jipe au Chala. Huko kuna mamba, nao hawajui tofauti kati ya mfano na mwenye kuufuata majini.

Mzazi, kazi hii huchukua miezi, si wiki. Gawanya majukumu: mwenye hesabu afanye vipimo, mwenye mkono mtulivu abandike ribiti, mpenda redio afunge nyaya, na nyanya asimulie alivyosikia kuhusu vita vya Taveta. Nanyi wanafunzi, andikeni namba kwenye kila kipande kabla ya kukiunganisha, kama walivyofanya wale wa Paisley na Papenburg. Anzeni na karatasi, rula na penseli. Mkuku mwaweza kuukata Jumamosi ijayo.