Yupo, Ako, Ana Nafasi: Kumwulizia Mwenzetu Kazini Katika Kiswahili cha Nakuru

Makala haya yanachunguza swali lisikikalo kila siku katika ofisi za Nakuru, Naivasha na Molo, yaani swali la kumwulizia mfanyakazi mwenzetu. Kwa kuwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, swali hilo si la mazungumzo tu, bali ni sehemu ya utumishi.

Kiswahili Sanifu kina viambishi vitatu vya mahali. Tutazame mifano ifuatayo:

(1) Mhasibu yupo? (mahali dhahiri)
(2) Mhasibu yuko? (mahali pasipo dhahiri)
(3) Mhasibu yumo? (ndani)

Katika usemi wa Nakuru, mifano hiyo yote huelekea kuwa mmoja:

(4) Mhasibu ako?

Hapa yametukia mambo mawili. Kwanza, -ko imechukua kazi ya -po na -mo. Pili, yu- imeipisha a-, ile ile ya "anasoma". Hata hivyo yu- ingali hai katika ukanushi, maana husemwa "hayuko". Wapo wauitao usemi huu uharibifu. Kabla ya kukubaliana nao, yafaa tuulinganishe na lugha isiyo na udugu na Kiswahili.

Katika ofisi ya Kiitaliano huulizwa "C'è la collega?" Kipashio "ci" kilichomo humo huonyesha mahali, lakini hakibagui ndani na nje, wala karibu na mbali. Kwa hiyo huja swali la pili: "È libera?", na jibu laweza kuwa "No, è impegnata", yaani ameshikwa na kazi. Kuwapo ni jambo moja. Kuwa na nafasi ni jingine.

Tofauti hii ya pili haimo katika viambishi vyetu hata kidogo. Tuchukue mkulima aliyetoka Kuresoi kwa matatu. Karani amwuliza mwenzake, "Mhasibu ako?" Ajibiwa, "Ako." Mkulima aketi bencini hadi saa saba, ndipo apate kujua kuwa mhasibu alikuwa mkutanoni. Je, "yumo" ingalimwokoa? La, mkutano nao ulikuwa humo humo ndani. Kilichompotezea siku si -ko, bali ni swali ambalo karani hakuliuliza: "Ana nafasi?" Vivyo hivyo "hayuko" na "hayupo" huhitaji kufuatwa na "Atarudi lini?"

Basi twapendekeza kwamba Kiswahili cha ofisini kifundishwe kwa jozi: swali la kuwapo, kisha swali la nafasi. Viambishi -po, -ko na -mo tusiache kuvifundisha, kwani ni hazina ya lugha. Lakini mwanafunzi wetu asidhani kwamba akisema "yupo" badala ya "ako", amekwisha kumhudumia mgeni.